Waliokuja Kupumua

Barakoa zile walikuwa wamezishona wenyewe, kwa mabaki ya vitenge vya mapazia, na meneja Frederick alizikusanya kwa ndoo ya majivu. Alipita nayo mbele ya wafanyakazi waliopanga mstari nyuma ya jiko, kama mzee wa kanisa anayepitisha kikapu cha sadaka.

"Tia humo. Na wewe. Tia. Naisula, mbona unanitolea macho? Tia."

Naisula akaitia. Ilikuwa mwezi wa kwanza, jua limeanza kuwa kali mapema, Mlima Meru uko wazi mpaka kileleni.

"Wageni wetu kwao wamefungiwa ndani kama kuku wa mayai," Frederick alisema. "Mtu anapanda ndege mbili, tatu, anakuja hapa kupumua. Kupumua! Halafu akifika anawakuta ninyi mmejifunga midomo kama mko chumba cha upasuaji. Atajisikiaje? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akuogope."

"Na sisi tukiugua, meneja?" aliuliza Agnela.

"Kuugua nini? Umesikia wapi kuna ugonjwa nchi hii?"

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumridhisha bosi. Agnela hakucheka. Zile barakoa alizishona yeye, zote, kwa cherehani yake ya mguu, na sasa alikuwa anaziangalia zinavyochafuka majivu.

Lodge yenyewe ilikuwa Usa River, ndani kidogo kutoka barabara ya Moshi, katikati ya shamba kuukuu la kahawa. Naisula alikuwa msafishaji wa vyumba. Yeye ni Mwarusha, kwao upande wa magharibi wa mlima, ambako mama yake alibaki na ng'ombe wachache na shamba la mahindi. Agnela alikuwa Mchaga wa Kibosho aliyeolewa na Mmeru, Thomasi, mkulima wa kahawa na ndizi kule Poli, mlimani juu ya Usa. Hawa wawili walitandika pamoja. Kitanda cha lodge ni kipana mno, mmoja husimama upande huu na mwenzake upande ule, shuka inarushwa hewani, na inaposhuka kila mtu anadaka pembe zake bila kuangalia. Wanaotandika pamoja miaka mingi hujuana kuliko ndugu. Habari za mume, za mama mkwe, za mtoto asiyependa hesabu, zote zilipita juu ya shuka.

Mwaka uliotangulia wageni walikuwa wametoweka. Walikimbilia uwanja wa ndege huku wakiburuta masanduku, wengine wameacha hata viatu vyao kwenye baraza, na baada yao hakuja mtu. Lodge ikafungwa. Tumbili wakahamia kwenye mapaa. Naisula akarudi kwao kulima, Agnela akawa anashusha ndizi sokoni Usa. Kila mmoja aliomba kwa namna yake ndege zianze kutua.

Zikaanza. Ajabu ni kwamba hofu ile ile iliyowafukuza wageni ndiyo iliyowarudisha. Nchi nyingine zilikuwa zimefunga milango, zinawapima watu, zinawaweka karantini, zinatangaza waliokufa kila jioni. Huku hakuna aliyetangaza kitu. Basi waliochoka kuogopa kwao wakaja kupumzika kwetu. Krismasi ilipofika vyumba vyote vilikuwa vimejaa, na Naisula alipovaa tena yunifomu yake alicheza mbele ya kioo cha chooni mpaka Agnela akamwambia anajichekesha.

Kundi la mwezi wa kwanza lilikuwa la marafiki waliokodi kwa mwezi mzima mabanda yote yanayotazama mlima. Kila banda lilikuwa na jina la mti. Mwanamke mmoja mwenye kofia pana ndiye aliyekuwa kama kiongozi wao. Hakuwa mtu mbaya. Aliwasalimia wafanyakazi kwa Kiswahili cha kwenye kitabu, akauliza majina, akayakumbuka. Siku ya kwanza tu alimwambia Naisula, "Mna bahati sana ninyi. Hamjui mlivyo na bahati." Naisula akatabasamu, maana ndilo lililotakiwa.

Banda la Mringaringa alikaa bwana mmoja mrefu aliyekuja na kikohozi. Siku ya pili hakutoka kwenda kifungua kinywa. Agnela na Naisula walimkuta kitandani, shuka imelowa jasho, anakohoa kikohozi kikavu kisichoisha, kama mtu anayetwanga kinu kitupu. Aliwapungia mkono waingie tu. Ndege, alisema. Baridi ya kwenye ndege.

Naisula alikwenda moja kwa moja ofisini.

"Meneja, yule wa Mringaringa anaumwa. Tuache chakula mlangoni, chumba tukifanye akipona."

"Ana mafua."

"Hayo si mafua, meneja."

"Umekuwa daktari lini? Mgeni akiumwa ndipo anahitaji shuka safi. Na ole wako nisikie umemwambia mgeni mwingine kwamba mwenzao ni mgonjwa. Hawa wakiondoka na habari hiyo, hakuna wengine watakaokuja. Unataka turudi kule?"

Naisula alirudi kwenye stoo ya shuka na hasira yake. Akamkuta Agnela amekwisha kukunja mikono ya yunifomu.

"Hakuna haja tuingie wawili," Agnela alisema. "Nitaingia mwenyewe."

"Kitanda kile hakitandikiki na mtu mmoja."

"Nitakuwa nazunguka."

"Kwa nini wewe?"

"Kwa sababu wewe kila Jumapili unakwenda kulala kwa mama yako, na mama yako ana pumu. Lete shuka hapa, usinicheleweshe."

Akawa anaingia mwenyewe. Naisula alimsikia kupitia dirishani, viatu vyake vya raba vikilia kwenye sakafu iliyong'arishwa, upande huu wa kitanda, upande ule, upande huu tena. Na yule bwana anakohoa.

Bwana akapona. Alianza kutoka nje na kitabu, kisha na bia, kisha akaonekana kwenye bwawa la kuogelea mgongo umeiva kwa jua. Wiki hiyo hiyo Agnela alikuwa anasugua bafu, Naisula akafungua chupa ya dawa ya kutoa madoa karibu naye, ile dawa inayochoma mpaka machozi, na Agnela hakugeuza hata uso.

"Husikii harufu?"

"Harufu ya nini?"

Naisula akamwekea chupa chini ya pua. Agnela akavuta pumzi kwa nguvu, akavuta tena. Wakaangaliana. Hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa.

Thomasi alimfukizia mkewe mvuke wa majani ya mkaratusi na mchaichai, blanketi juu ya vichwa vyao wote wawili. Alimpa tangawizi, limau, asali ya nyuki wadogo. Kilichomshinda ni pumzi. Agnela alipumua kwa mabega, kama mtu aliyepanda mlima mbio, na alikuwa amekaa kitandani hajapanda popote. Hospitali aliyopelekwa ilikuwa na mitungi michache ya oksijeni na wagonjwa wengi, na kila mgonjwa aliandikwa nimonia. Agnela naye akaandikwa nimonia. Alikufa asubuhi, Thomasi akiwa ameshika mtungi ambao ulikuwa umekwisha na yeye hajui.

Wakamzika Poli, kwenye shamba la migomba, chini ya mibuni aliyoizoea. Kwaya iliimba, watu wa mlimani walijaa, maana kwao nimonia ni ugonjwa kama mwingine. Waliokosekana ni watu wa Kibosho. Naisula alikuwa anaangalia njia kila gari linapopanda. Mama mzazi hakuja. Kaka, Dismasi, hakuja. Mashangazi hawakuja. Simu ilipigwa katikati ya ibada, Thomasi akaiweka sikioni, akasikiliza, akasema "Haya, shemeji, nimeelewa," akaizima. Walikuwa wanaogopa kusafiri. Safari ya Kibosho mpaka Poli haizidi saa tatu hata gari likiharibika njiani. Wageni walivuka bahari kuja kuota jua, na ndugu wa damu walishindwa kuvuka mto Kikafu kuja kutupa udongo! Naisula alisimama kaburini akiwa hana machozi. Hasira ilikuwa imeyakausha.

Frederick alikuja na shada la maua na miwani myeusi. Akapewa nafasi ya kusema. "Kampuni imepoteza mfanyakazi mwaminifu," alisema. "Tunajua mwenzetu alikuwa na matatizo ya kifua ya muda mrefu."

Ya muda mrefu! Agnela aliyekuwa anaongoza nyimbo na kubeba magunia ya shuka mawili kwa mpigo! Naisula alimtazama Thomasi aone kama atasimama. Thomasi alikuwa anaangalia viatu vyake.

Siku chache baadaye yule mama wa kofia alikuwa na sikukuu ya kuzaliwa. Meza ndefu iliwekwa kwenye majani mchana, kitambaa cheupe, maua ya waridi kutoka shamba jirani. Desturi ya lodge ni kwamba wafanyakazi hutoka jikoni na keki, wanapiga vifuniko vya sufuria na kuimba. Mwanzilishi wa wimbo siku zote alikuwa Agnela.

"Naisula, leo utaanzisha wewe," Frederick alisema.

"Meneja, tumetoka kumzika Agnela juzi."

"Nilikuwepo. Nilitoa pole mbele ya watu wote. Sasa kazi ni kazi, na uso huo ukaukunjue."

Wakatoka. Sifael, mpishi mkuu, mtu mzima mwenye kitambi na Kiingereza kizuri, ndiye aliyebeba keki. Nyuma yake vifuniko vikaanza kulia. Wageni wakageuka, wakashangilia, wakatoa simu zao. Bwana wa Mringaringa alikuwa amekaa mkono wa kulia wa mama wa kofia, amenona, amependeza.

Vifuniko vikapiga mzunguko wa kwanza. Naisula hakuanzisha. Vikapiga wa pili. Kimoja kimoja vikanyamaza, mpaka ikasikika mbega tu akiguruma huko mitini.

"Mama," Naisula alisema kwa Kiswahili, akimtazama mwenye sikukuu usoni, "Agnela amekufa. Yule aliyekuwa anatandika kitanda cha huyu bwana. Bwana aliumwa, Agnela akamtandikia, Agnela akaumwa. Tumemzika hapo juu Poli. Ukigeuka nyuma yako unapaona."

Yule mama aliendelea kutabasamu. Alimgeukia Sifael, akamuuliza Naisula anasema nini.

Sifael alimwangalia Frederick aliyesimama kando ya maua. Kisha akaiangalia keki.

"Anakuombea maisha marefu," alitafsiri.

Meza nzima ikapiga makofi. Mama wa kofia akainuka, machozi ya furaha yanamlenga, akaja akamkumbatia Naisula kifua kwa kifua.

Kuna hasira inayopanda taratibu na kuna ile inayofika yote mara moja. Naisula alimtoa yule mama mwilini mwake kwa mikono miwili. Kiingereza chake kilikuwa cha taulo na maji ya moto, cha samahani na karibu tena, lakini alikitafuta, akakipata vipande vipande, akavitoa kimoja baada ya kingine.

"Agnela," alisema. "Yeye kusafisha chumba. Huyu bwana kuumwa. Agnela kuumwa. Huyu bwana kupona. Agnela kufa."

Sasa walielewa. Simu zikashuka. Bwana wa Mringaringa akaweka bilauri mezani, akasema jambo kwa sauti ndogo, na hilo Naisula hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Alisema waliambiwa huku hakuna ugonjwa.

"Uliambiwa!" Naisula alirudi kwenye Kiswahili, sauti imempasuka. "Ulikuwa unakohoa mwenyewe usiku na mchana, ulifikiri unakohoa nini? Mlikimbia kwenu kwa sababu ugonjwa upo. Mmekuja nao kwenye kifua, mkatuletea, mkatuambia tuna bahati!"

"Naisula!" Frederick alikuwa amemshika mkono. "Toka. Toka hapa."

Mama wa kofia alikuwa amekaa chini, mkono mdomoni. Aliuliza kama Agnela alikuwa na watoto. Lilikuwa swali la mtu mwenye moyo, na baadaye Naisula alilikumbuka hivyo. Wakati ule lilimchukiza kuliko mengine yote. Alivua aproni, akaiweka juu ya kitambaa cheupe, kando ya sahani za watu, akaondoka.

Wageni wale waliondoka kesho yake. Hawakurudi kwao, walihamia pwani kumalizia mapumziko. Lakini kabla ya kuondoka walikuwa wamewaandikia wenzao, na waliokuwa waje wakasema hawaji. Lodge ikafungwa tena, wiki ile ile.

Frederick alimfukuza Naisula kwa simu. Hilo alilitarajia. Asilolitarajia ni lile la getini, alipokwenda kuchukua vitu vyake. Wafanyakazi waliokuwa wanatoka na mafurushi yao walimpita kama wanavyopita nguzo. Sifael peke yake ndiye aliyesimama.

"Umetutilia mchanga kwenye kitumbua, mdogo wangu," alisema. "Sote. Umefurahi?"

"Kaka Sifael, uliwaambia namwombea maisha marefu."

"Nilisema. Nina watu tisa nyumbani wanaonitazama mimi. Agnela ningemwombea rehema kwa Mungu usiku, na mchana ningepika. Wewe umemfufua?"

Swali hilo likamkasirisha Naisula zaidi. Alijiambia kwamba hawa ni waoga, kwamba kuna mtu mmoja atakayemshukuru. Akapanda Poli kwa miguu.

Alimkuta Thomasi amekaa barazani na binti yake, Jackline. Mabenchi yaliyoazimwa kanisani kwa ajili ya msiba yalikuwa yamepangwa uani, na hayakuwa na mtu. Haikuwa kawaida. Mlimani msiba hauachwi hivyo, watu hukaa na wafiwa, huleta ndizi, huleta maziwa, hulala hapo hapo.

"Shemeji, hodi. Poleni. Watu wako wapi?"

Thomasi alimtuma Jackline ndani. Akasubiri mlango ufungwe.

"Unaniuliza mimi? Habari zilishuka kutoka kwenye hiyo meza yako, zikazunguka soko la Usa, zikapanda huku kabla hata jua halijazama. Agnela hakufa kwa nimonia, amekufa kwa ile. Tangu hapo hakuna mguu uliokanyaga uwanja huu. Mtoto nimemtuma dukani, ameambiwa asimame barabarani, arushiwe sukari."

"Nilisema kweli, shemeji."

"Kweli ilikuwa yangu!" Thomasi aliinuka. Naisula hakuwahi kumsikia akipaza sauti. "Mimi ndiye niliyeshika ule mtungi. Unafikiri sikujua mke wangu anakufa kwa nini? Nilijua. Nilinyamaza ili watu waje kukaa na watoto wangu. Ungekuja ukaniuliza. Njia unaijua. Ungesema, Thomasi, nataka kulitaja jina la mkeo mbele ya wazungu, unasemaje? Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Basi usije hapa na kweli yako."

Naisula alitaka kujibu kwamba wa kulaumiwa ni Frederick, ni yule bwana mrefu, ni majirani wenye roho ndogo. Wote walistahili. Lakini Thomasi naye alisema jambo lenye haki, na haki mbili haziwezi kukaa kifuani bila kupigana. Akauliza kitu kimoja tu.

"Na Kibosho? Mama yake?"

"Mama yake anataka kuja tangu siku ya kwanza. Dismasi amemfungia."

Naisula aligeuka akashuka. Asubuhi alikuwa kwenye basi la Moshi.

Kwa Dismasi kulikuwa na ndoo ya maji na sabuni mbele ya geti, na Dismasi mwenyewe alimjia mpaka hatua kadhaa kutoka kwake, akasimama hapo. Alikuwa mwanamume mpana, mdomo na pua amefunika kwa shali ya mkewe.

"Simama hapo hapo. Umetoka Usa?"

"Nimetoka Usa. Nimekuja kumchukua mama."

"Mama haendi popote."

"Binti yake yuko ardhini, hajamwona."

"Na akimwona atafanya nini? Ana miaka themanini! Tangu Noeli tumezika wawili kwenye ukoo huu, dada. Wawili. Katekista wetu alikwenda kwenye msiba Machame, akarudi akaingia kaburini. Wewe unaona mimi sina moyo. Mimi nampenda mama yangu, namtaka hai."

Kama angekuwa jeuri, Naisula angemmudu. Lakini macho ya Dismasi juu ya ile shali yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala.

"Dismasi, kaka," alisema, na hasira ilikuwa imemjaa mpaka maneno yanatoka taratibu. "Wenye kuogopa kweli nawaheshimu. Agnela aliogopa. Alizishona barakoa za watu wote akanyang'anywa. Aliingia kwenye chumba cha mgonjwa peke yake ili nisiingie mimi. Mimi! Na wewe ndugu yake hata udongo hukumrushia. Shemeji yako amekaa na watoto, hakuna anayemkaribia. Sasa mimi sikuja kukuomba ruhusa."

"Unataka nini basi?"

Aliyejibu alikuwa ndani. "Anataka mimi." Mama mzee alitoka mlangoni akiwa amevaa sweta na viatu vya kwenda kanisani, rozari shingoni. Ilionekana alikuwa amevaa hivyo siku nyingi, kila siku, akisubiri. "Dismasi, nilikuzaa wewe, au wewe ndiye ulinizaa?"

"Mama, utakufa."

"Nitakufa. Baba yako alikufa hapa hapa kitandani, hakwenda safari yoyote. Niitie gari au nitembee."

Dismasi alisimama pale getini kwake, anaipangusa pua kwa shali. Kisha akaenda kwa jirani kuomba pikapu. Aliwafunga mama yake na Naisula nyuso kwa vitambaa viwili viwili, akashusha vioo vyote vya gari, akawaambia wasizungumze njiani. Yeye hakupanda mbele. Alipanda nyuma, kwenye bodi, peke yake, akajikunyata kwenye upepo na vumbi kutoka Kibosho mpaka Poli, mikono imeshika chuma. Walipovuka Kikafu Naisula aligeuka kumwangalia kupitia kioo. Alikuwa amefumba macho, midomo inasali.

Mama mzee hakuingia nyumbani kwanza. Alikwenda kaburini moja kwa moja, akiongozwa na Thomasi aliyetoka mbio bila viatu. Akapiga magoti, akauweka mkono juu ya udongo kama mtu anayempima mtoto homa. Alilia kwa Kichaga. Naisula hakuielewa hata sentensi moja, na hapo ndipo machozi yake yalipotoka, mengi, ya tangu mwanzo, bado yana hasira ndani yake.

Nyuma ya migomba palikuwa na majirani. Wanawake watatu wamesimama mpakani, wanachungulia. Mama mzee aliwaona. Akainuka kwa kumshika Thomasi bega, akajipangusa uso, akawageukia.

"Habari zenu huko," alisema kwa sauti iliyokuwa kubwa kuliko mwili wake. "Mimi ni mama wa huyu. Nimetoka Kibosho. Mnaogopa? Ogopeni, hata mwanangu yule pale anaogopa, mwangalieni alivyopauka. Lakini ogopeni mkiwa mmeleta maji. Ogopeni mkiwa mmesimama mbali na chungu cha uji mkononi. Kuogopa na kuwakimbia wajukuu wangu ni vitu viwili, na Mungu anavijua vyote."

Wanawake wawili wakaondoka. Mmoja akabaki pale pale, kisha naye akageuka, akapotea kwenye migomba, na hakuna aliyejua kama amekwenda kuchota maji au amekwenda zake.

Thomasi alitoa vigoda. Cha mama mkwe akakiweka barazani. Cha Dismasi akakiweka mbali, chini ya mparachichi, Dismasi akakaa bila kinyongo. Cha tatu alikishika mkononi muda kidogo kabla ya kumpa Naisula.

"Bado nimekukasirikia," alisema.

"Najua, shemeji. Hata mimi bado nimekasirika."

"Na mimi?"

"Na wote. Na wewe umo."

Thomasi akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekubaliana bei. Jackline alikuwa ametoka ndani, amekaa miguuni pa bibi yake. Naisula akakiacha kigoda pale kilipo, akaingia jikoni, akatafuta kisu na mkungu wa ndizi, akaanza kumenya, maana watu walikuwa wametoka safari na hakuna aliyekuwa amewapikia.